Jina la Kuandikwa Kwenye Marobota Ishirini

Foshan, China
Jumapili, baada ya ibada

Kwako ndugu yangu Kioko,

Wakya. Najua huwezi kuniitikia kwa karatasi, lakini nimenyamaza kidogo hapa mezani nikakupa nafasi ya kusema "aa", vile mama alitufundisha. Salamu ni salamu, hata kwa mtu ambaye umemkasirikia. Habari ya hapo Salama, mjini kwako? Mgongo wako unaendeleaje, ule ulioumia ukishusha mbao? Mvua imenyesha huko, ama bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi niko sawa. Kifua kilinisumbua wiki mbili kwa sababu baridi ya hapa ina maji ndani yake. Nguo unaanika Jumatatu na Alhamisi bado ni mbichi. Lakini nakula, nalala, na kila asubuhi naenda kwenye ile stoo ya mizigo, napima, naandika alama, nabeba. Namshukuru Mungu kwa hayo.

Sasa salamu zimekwisha, tuongee. Wiki iliyopita ulinitumia ujumbe ukiniuliza kitu kimoja tu: yale marobota ishirini yaliyobaki hapa yataandikwa jina lako, ndiyo ama hapana. Ukasema nikujibu kabla ya Ijumaa hii inayokuja kwa sababu meli haingojei mtu. Jibu lako liko ndani ya barua hii, lakini si la neno moja, na si la simu. Sauti yangu ya simu ulishaikata mara moja ukaituma kwa watu. Karatasi ukiikata, kila mtu ataona mahali makasi yalipita. Anayekuletea ni mama mmoja wa Kitui ambaye tunaabudu naye hapa. Anarudi nyumbani Jumanne, na nimemwomba akupe mkononi, asiache dukani.

Nitaanza mwanzo kabisa. Unaujua mwanzo, usinikatize. Lakini umeusimulia huko kwa njia yako mara nyingi mpaka nadhani hata wewe umeanza kuuamini.

Hii kitu ilianza na Aunti Nduku. Alinipigia simu kutoka Kasikeu akiwa na furaha mpaka anasahau kupumua. Akaniambia lile kundi lake la akina mama kumi na wawili limepata kazi ya lodge moja kule Kibwezi: viti sitini vya kusukwa, na wakipendezwa, kazi itaendelea mwaka mzima. Wewe ungetengeneza fremu kwa karakana yako hapo Salama, wao wasuke viti. Shida ilikuwa ni keni, zile kamba za mti za kusukia viti. Zile wanazonunua Nairobi zimekaa dukani mpaka zimekauka, ukikunja inavunjika kama spageti. "Mwende mwanangu," akaniambia, "si hizo vitu zinatoka huko mahali uko?" Nikamwambia zinapitia hapa, wacha niulize. Nilisema hivyo kirahisi tu, kama mtu anayetumwa chumvi.

Nikaenda kwa Madam Liang. Ni mama wa makamo ambaye ana ghala la keni nje ya mji, na mizigo yake hupitia stoo yetu. Kwa Kiingereza chake na Kichina changu tunaelewana nusu nusu, nusu ingine tunamalizia kwa mikono. Nikamuuliza kama anaweza kuniuzia marobota kumi ya ile nyembamba ya kusukia. Aliniangalia kama mtu ameingia posho mill na punje tatu za mahindi akitaka kusagiwa. Akaniambia kwake oda ya chini kabisa ni marobota arobaini. Si arobaini ya kuchanganya, hapana. Arobaini ya saizi moja. Chini ya hapo hafungui mlango wa ghala hata ulie.

Mimi nikajua ni bei ya kuongeleshwa. Sisi tumezoea soko la Kasikeu, mtu anakuambia debe, unamwambia nusu, mnakutana kwa robo tatu na anakuongezea mkono mmoja juu. Nikaanza kumwongelesha. Akanishika mkono akanipeleka nyuma akanionyesha kile chumba cha kufukizia. Keni zinajazwa humo, halafu zinafukizwa na kiberiti cha unga ndio ziwe nyeupe na wadudu wafe. Harufu yake inaingia kwa macho. Akanionyesha kwa mikono: chumba kikijaa ni moto mmoja, kikiwa nusu ni moto ule ule. Mashine ya kuchonga nayo, ukiitega kwa saizi moja huwezi kuitegua kwa ajili ya marobota kumi. Ndio nikaelewa. Huyu mama hakuwa na roho mbaya. Ile arobaini haikuwa bei, ilikuwa ni kimo cha chumba.

Basi nikarudi kwa simu. Akina mama wakahesabu, wakasema kwa viti vyote sitini, nyembamba zao hazipiti ishirini. Wewe ukahesabu nene za fremu, ukasema ishirini. Unakumbuka vile ulisema? Ulisema, "Dada, mimi peke yangu sifiki, na wao peke yao hawafiki." Maneno yako hayo, mimi sijaongeza kitu. Kila mmoja alikuwa nusu. Kazi yangu ikawa ni kumwambia Madam Liang akubali nusu mbili ziwe kitu kizima.

Hilo hujawahi kuniuliza nililifanyaje. Jumamosi tatu, Kioko. Siku yangu ya kupumzika nilikuwa nikienda kwake saa mbili asubuhi kupindua marobota. Keni ikikaa upande mmoja kwa hii baridi yenye maji inatoa madoa meusi, kwa hivyo lazima igeuzwe, ipate hewa, irudishwe. Nikapindua, nikafagia, nikatenganisha saizi. Bega langu la kulia mpaka leo halipandi juu vizuri, kuvaa sweta ni mpaka nianze na huo mkono. Jumamosi ya tatu akanipa chai akaniuliza, huyu unayemfanyia hivi ni nani? Nikamwambia ni mdogo wangu, tumbo moja. Nikagusa tumbo langu ndio aelewe. Akafungua daftari lake akaandika: ishirini nyembamba, ishirini nene, safari mbili, kila safari kumi na kumi. Akasema hajawahi kumfanyia mtu hivyo na asisikie nimewaambia wengine. Alikubali kwa sababu ya neno ndugu.

Ikabaki jina. Karatasi za forodha zinataka jina moja la mwenye mzigo, hazitaki kundi la akina mama wasio na cheti. Nduku aliniuliza tufanyeje, na ni mimi nilisema, si mtu mwingine, "Andikeni Kioko. Ni damu yangu." Hapo ndipo ninapojichukia.

Hakuna mtu aliandika mkataba. Watu wa hapa nikiwaambia wanacheka mpaka wanashika ukuta. Lakini kwetu ni nani angeandika? Mlikaa kwa Nduku kama mwethya, vile watu hukaa wakipanga kulimiana mashamba kwa zamu, na mtu hupandisha mkono tu, mkono ukipanda neno limekwisha. Nduku aliniambia mikono kumi na miwili ilipanda na wako ukawa wa kumi na tatu. Mimi nikakupigia nikakukumbusha baba. Siku ya mwethya yetu, watu wamelima tangu alfajiri, chakula kikiletwa baba alikuwa anasimama kando mpaka kila mtu ashike sahani. Mwenye shamba hula mwisho. Nikakuambia jina kwenye karatasi ni kama shamba, mwenye jina achague mwisho. Ulicheka. Ukaniambia, "Mwende, kwani mimi nilizaliwa jana?"

Mzigo wa kwanza ukaondoka. Yale kumi nyembamba nilichana leso yangu ya zamani, ile ya rangi ya machungwa, nikafunga kila robota kipande, ndio hapo bandarini na hapo kwako mtu asichanganye. Halafu nikangoja. Ulipotuma ujumbe "zimefika, Mungu ni mwema" nilikuwa kwenye mizani, na niliimba kwa sauti mpaka bosi akatoka nje kuangalia.

Siku nne baadaye Nduku akapiga. Safari hii alikuwa anapumua vizuri, polepole kama mtu wa matanga. "Mwende mwanangu," akasema, "hizi fito za kuezekea nyumba ulitutumia za nini?"

Nikamuuliza fito gani. Akasema zile Kioko alileta na pikapu, kumi, nene kama kidole cha mguu. Walikuwa wamezitia kwenye drum ya maji siku tatu ndio zilainike. Hazikulainika. Akajaribu kukunja moja kwa nguvu ikamrudia, ikampasua kidole gumba mpaka akashonwa. Nikamuuliza Kioko alisema nini. Akasema, "Kioko alisema China ndio walikosea. Halafu akasema pengine ni wewe hukuwaelewa, na tusikuudhi kwa sababu umejaribu."

Tusikuudhi. Uliwaambia hivyo, na uso wako ule wa mzee wa kanisa.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuamini. Nilikutumia sauti nikilia. Nilisema kama kuna makosa yametokea huku basi makosa ni yangu, uniombee msamaha kwa akina mama, nitarekebisha. Ukanijibu "pole dada, hayo hutokea". Kesho yake Nduku akanitumia kile ulichowatumia kwenye kundi lao la simu. Ni sauti yangu, ni machozi yangu, lakini inaanza "makosa ni yangu" na inaishia hapo hapo. Nilirudia kuisikiza mara tano. Nilidhani simu imeharibika.

Nikaenda kwa Madam Liang nikiwa moto. Nilimfokea mbele ya wafanyakazi wake. Nilimwambia ameua kazi ya akina mama kumi na wawili, amechukua wepesi wangu akanifanya mjinga. Yeye alifungua simu akanionyesha picha za siku ya kupakia, moja moja: nyembamba kumi, nene kumi, na leso yangu ya machungwa inaning'inia kwenye kila nyembamba. Halafu akafunga simu akaniambia polepole, "Mimi nimehesabu hapa. Wewe hesabu kwenu." Nilitoka pale nikitembea na kichwa chini. Nilikuwa nimemtusi mtu aliyenitendea mema kwa ajili ya mtu aliyenitendea mabaya, na sikuwa nimejua bado ni nani.

Nilijua jioni hiyo. Hukuwa unaficha, hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Ulitutumia sisi wa familia picha ya kibao kipya cha duka, kimepakwa rangi vizuri, na wewe umesimama chini yake na shati nyeupe. Ndinda mke wako akaandika "hongera baba watoto". Mimi nikavuta ile picha iwe kubwa nione kibao, nikaona nyuma yako, ndani ya karakana, marobota yamepangana hadi dirishani. Yalikuwa na vipande vya machungwa.

Nikakupigia. Wacha niandike vile tuliongea, ukiona nimeongeza chumvi uniambie.

Nilikuuliza, "Kioko, nyembamba ziko wapi?"

Ukasema, "Dada, wacha nikueleze. Hao mama wangechelewa. Unajua vile wanakaa, leo matanga, kesho kanisa. Nimetafuta vijana wangu wa kusuka hapa Salama. Viti vitaisha."

"Na lodge?"

"Lodge niliwaambia akina mama wameshindwa. Sasa wanaongea na mimi moja kwa moja."

"Umewaambia wameshindwa na wewe ndiye umeshika keni zao?"

Ukasema, "Biashara haina mwethya, Mwende. Wewe uko China, unapaswa kujua hilo kutushinda."

Kioko, mimi niko China na nakuambia ni uongo. Ile arobaini ya Madam Liang ni mwethya. Hakuna mtu kwetu angeifikia peke yake. Wewe na fremu zako za mbao ungekaa bila cha kusukia mpaka leo. Ulipanda juu ya migongo ya akina mama kumi na wawili ukafikia mlango, halafu ukaingia ukaufunga. Ukawatupia nje fito ambazo hata hawana vifaa vya kuzikunja. Zilikuwa zako. Hata hilo la kuwapa kitu kisichowafaa ulilifanya kwa akili, ili hesabu ya marobota kumi itimie na wakiuliza uwaambie "si mmepewa kumi".

Nimekasirika. Sitaki kukuficha na lugha nzuri. Nimekasirika mpaka nikipima mizigo nakosea namba. Lakini hasira naijua, itapoa. Kitu hakipoi ni hiki: ulijua nitasema makosa ni yangu. Ulijua kabla hujafanya. Unanijua tangu ukiwa mdogo, vile nilikuwa nachapwa kwa vitu ulivyovunja na nanyamaza kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Kumbe ulikuwa ukinisoma. Ulipanga uovu wako ukaweka wema wangu ndani kama fundi anavyoweka msumari mahali anajua mbao haitapasuka. Kikulacho ki nguoni mwako, mama husema. Mimi nilikuwa nafikiri anaongea juu ya watu wengine.

Na unajua imefika wapi? Si kwangu peke yangu, mimi niko mbali, nitasemwa na sitasikia. Mama ndiye yuko karibu. Akina mama wawili wa lile kundi wanakaa naye kanisani. Nduku aliniambia kwamba Jumapili mbili sasa mama amehama akakaa nyuma, karibu na mlango, ndio atoke wimbo wa mwisho ukiimbwa asisalimiane na watu. Mama yetu, ambaye husalimia mpaka mbuzi wa watu. Aliambiwa binti yake wa China amekula jasho la wajane. Na wewe ukiwa mtoto wake unayelala nyumba moja naye, ukila chakula chake kila siku, hukumwambia ukweli. Ilibidi nimwambie mimi, kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Sasa nikuambie kuhusu Ijumaa. Mzigo uliobaki ni kumi nyembamba na kumi nene. Najua kwa nini una haraka hivyo. Zile kumi ulizochukua zimetosha viti thelathini tu, na lodge inangoja thelathini vingine. Fremu, hizo ulizotengeneza kwa mbao, zimesimama kwako tayari hazijasukwa. Mzigo huu ukija kwa jina lako utamaliza kazi na utakuwa mtu mkubwa hapo barabarani. Usipokuja kwa jina lako, utaenda Kibwezi kuwaambia wewe pia umeshindwa.

Nimefikiria wiki nzima. Nimeomba juu yake, na si maombi mafupi. Kuna siku nilishika kalamu nikaandika jina lako kwenye ile fomu, kwa sababu ya Ndinda na watoto, kwa sababu mtu hatupi ndugu kama ganda la ndizi. Niliandika mpaka herufi ya tatu. Nikaona mkono wangu unafanya ile kazi yake ya zamani, ya kuchapwa kwa niaba yako. Nikaichana.

Mzigo utaandikwa jina la Nduku. Ameshakwenda Sultan Hamud kwa wale watu wa kompyuta akatolewa karatasi zote zinazotakiwa, kwa jina lake kamili, na kile kidole kimefungwa bandeji. Nimepeleka fomu kwa bosi jana. Nilikwenda pia kwa Madam Liang nikamwomba msamaha. Aliukubali, lakini chai hakunipa.

Nilimuuliza Nduku, zile nene kumi za Kioko zinazokuja tufanye nazo nini? Mimi nilikuwa nimeshapanga kichwani: ziuzwe, ama zikae hapo mpaka arudishe zile nyembamba alizochukua. Nilikuwa na jibu tayari, nangoja tu akubali. Nduku akasema, "Ataitwa achukue zake kwanza, kabla sisi hatujafungua zetu. Si jina ni langu?" Nikamwambia, aunti, huyu amekupasua kidole, amekuibia kazi, amemaliza jina langu. Akasema, "Hata zile fito kumi za kwanza nimezifunika kwa turubai, hazijanyeshewa. Ni zake. Baba yenu alinipa sahani kwa shamba lake nikiwa sina mume wala ng'ombe. Sitajifunza kula kwanza kwa uzee huu." Kwa hivyo fito zako ziko Kasikeu, Kioko, kavu, zinakungoja wewe na pikapu yako. Kama unataka zile fremu thelathini zisukwe, hao mama bado wako na mikono, na njia ya Kasikeu hukuanza kuijua leo. Utawaambia nini ukifika, hiyo ni yako. Mimi nimechoka kukutafutia maneno.

Sasa lile neno lako la Jumapili iliyopita. Ulinipigia ukijua nimeanza kuuliza uliza, ukaniambia nikikuvua nguo mbele ya watu, hiyo boma nisikanyage tena, kwa sababu boma ni yako na mama yuko kwako. Ulisema polepole, hukuwa umelewa wala hukuwa na hasira. Mimi kila chumba cha hiyo boma nakijua kwa picha, kwa sababu pesa za mabati yake nimezituma mimi kutoka huku, na sijawahi kukuambia hivyo mpaka leo, na nimeaibika kuandika. Lakini nimesikia. Mtu akiambiwa asikanyage mahali, hakanyagi.

Nisalimie Ndinda, mwambie sina neno naye, na kama hakujua, basi asome barua hii. Watoto wako waambie shangazi yao anawapenda, na lile somo la kusoma saa wanalonitumia wamelishika vizuri. Salamu kwa mke wa pasta, ambaye nasikia ndiye peke yake alimfuata mama mpaka mlangoni kumsalimia. Salamu kwa mjomba wetu wa Kitui, kaka yake mama, najua utamwendea akuamulie. Mwendee tu. Mwambie yote, na mimi nitamwambia yote, atapima mwenyewe. Akina mama kumi na wawili usiwasalimie kwa niaba yangu. Hao nitawasalimia mwenyewe.

Likizo yangu ni mwisho wa mwaka, na nitakuja. Nitashukia Kasikeu kwa Nduku. Nimemuuliza, amesema kuna kitanda. Nilimpigia mama kumweleza, nikaongea haraka haraka ndio nimalize kabla hajaanza kulia, nikamwambia sitafika nyumbani safari hii, tutaonana kanisani. Hakulia. Aliniuliza tu kama hicho kitanda cha Nduku kinatosha watu wawili.

Ni mimi, dada yako mpaka leo,

Mwende